Mtaro Uliopinda

Keza mwanangu,

Nimemwomba mama yako aishone barua hii ndani ya bitana ya koti lako, na akuambie uzi usiukate mpaka umevuka daraja la Rusumo na basi limeanza kupanda upande wa Tanzania. Kama wewe ndiye Keza ninayemjua, umeshaukata hapo Kayonza, hata mpakani hujafika. Basi soma, lakini usishuke. Nakuomba hilo kabla ya salamu: kwa lolote utakalolisoma humu, usishuke kwenye basi.

Sasa salamu. Sisi wazima. Mambo ya sweta, chandarua, na kutokula vya barabarani mama yako amekwambia mpaka umeziba masikio, siyarudii. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu mimi nimekulia Karagwe, mama yako kakulia Bujumbura, na hiki ndicho tulichochumbiana nacho, tukagombana nacho, tukakulea nacho. Kinyarwanda changu cha kuandika ulikicheka ukiwa darasa la tatu na sijasahau.

Hivi sasa ni saa tisa alasiri. Wewe na mama yako mmekwenda stendi ya Nyabugogo kukata tiketi. Manzi yuko kwenye mazoezi ya kwaya. Niko gereji peke yangu, geti nimelifunga kwa nondo, na juu ya meza ya kazi, chini ya turubai la bluu, viko vile vitu vitatu. Nimevifukua. Kesho basi lako likishatoka nitavipakia kwenye pikipiki ya magurudumu matatu ya jirani na kuvipeleka kituo cha polisi, mimi mwenyewe, na kitambulisho changu mkononi. Sijui kama nitarudi kula chakula cha mchana nyumbani. Naogopa, Keza. Mkono huu unaoandika umeshika moto wa kuchomelea miaka ishirini na tano, na leo herufi zinanikimbia.

Nataka ujue nilivyoanza, maana nilikuonyesha bunduki lakini sikukuonyesha sababu.

Babu yako alikuwa na gobore. Kule Karagwe halikuwa jambo la ajabu; alikuwa na kibali cha kijiji, akifukuzia nguruwe pori kwenye mihogo. Kila alipolipaka mafuta alitusimulia siku baba yake alipovuka mto Akagera akiikimbia Rwanda, nyumba inaungua nyuma yake, na mkononi ana fimbo ya ng'ombe tu. "Fimbo haifyatuki," alikuwa akisema, kisha anatutazama sisi wanawe mmoja mmoja. Alipokaribia kufa alinipa mimi lile gobore, si kaka zangu, kwa sababu mimi ndiye niliyesema nitarudi Rwanda. Nililivusha limefungwa kwenye mkeka pamoja na miguu ya kitanda. Kijana wa miaka ishirini, nimebeba kitanda, nani angeniuliza?

Hapo ndipo nilipokosea mara ya kwanza, na sikuona kuwa ni kosa. Niliona ni heshima kwa mzee.

Ulipozaliwa nilikuwa nachomelea madirisha ya nyumba moja ya zamani Kiyovu, hapa Kigali. Mwenyewe alikuwa mzungu mzee anayefunga mizigo arudi kwao, na kabatini alikuwa na bunduki ya kuwindia, ya mitutu miwili, ambayo karatasi zake zilishapotea. Alikuwa anaona aibu kwenda kuieleza. Akanipa mimi, kama mtu anavyompa fundi viatu vilivyombana. Wenzangu mtoto akizaliwa walikuwa wanatafuta ndama wa kumpa. Mimi sikuwa na ndama wala malisho, nilikuwa na gereji ya mabati Gikondo. Siku ya nane, siku ya kukuita jina, wageni walipokwisha kula na kuondoka, nilipasha moto chuma chembamba nikaliandika jina lako kwenye kitako cha ile bunduki. KEZA. Nilijiona baba wa maana sana. Na Manzi alipokuja, nikampatia bastola niliyoipata kwa mbeba mizigo mmoja Nyabugogo, imezikwa ndani ya gunia la dagaa. Mpaka leo nikinusa dagaa moyo unanidunda.

Akiba haiozi, wanasema. Nilikuwa naweka akiba. Watoto wangu hawatakimbia na fimbo.

Ukafika miaka kumi. Ulikuwa umetoka kupokea komunyo ya kwanza, bado una gauni jeupe, na nikakuita gereji nikakuonyesha. Nilikuambia, "Hii ni yako. Nikifa ni yako." Unakumbuka ulivyonishukuru? Ulisema, "Murakoze, Papa," ukaishika kidogo, kisha ukapangusa mikono kwenye gauni. Grisi ikabaki pale kifuani. Mama yako alikupiga kwa ajili ya doa lile, na hukumwambia umelipata wapi. Nilikuwa nimesimama mlangoni, nikasikia unachapwa, nikanyamaza. Nikajisemea: huyu anaweza kutunza siri.

Nikazitia zote tatu kwenye bomba nene la chuma, nikachomelea vifuniko pande zote mbili, nikalizika chini ya ukuta wa nyuma, na juu yake nikapanga mataili mabovu. Na kwa sababu sikuweza kujizuia kujivuna, nikakuonyesha mahali.

Sasa nifike kwenye ile Jumamosi. Nimeizunguka miaka saba.

Ilikuwa umuganda, ile kazi ya pamoja ya mwisho wa mwezi, baada ya mvua zile zilizoingiza maji kwenye nyumba za bondeni. Mtaa mzima ulikuwa umetoka na majembe na chepeo. Nilidhani tutafagia barabara kama kawaida. Kumbe mkuu wa mudugudu, kiongozi wa mtaa wetu, alikuwa na mpango wake: mtaro, au rigori kama wanavyouita hapa, uteremke kutoka barabarani na kupita nyuma ya gereji yangu mpaka bondeni. Akaingia uani na watu wake, akapiga teke taili la juu.

"Papa Keza, rigori itapita hapa. Toa hii mataili."

"Mzee, hapo udongo mbaya. Iko mawe mengi chini."

"Mawe? Angalia watu wote hawa! Tutashindwa na mawe?"

Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Vijana wakaanza kurusha mataili pembeni. Mmoja akachimba mara moja, mara mbili, akiwa hatua nne kutoka kwenye bomba. Nilikuwa nimeegemea chepeo. Nilifikiria kukimbia, nikafikiria nitapita geti gani. Sikuwafikiria ninyi hata kidogo, na hilo nakuambia kwa sababu hukulijua.

Ukaja wewe na jerikani la maji ya kunywa. Ulikuwa na miaka kumi na miwili. Ukanitazama usoni. Ukaweka jerikani chini, ukatembea taratibu mpaka pale pale penye bomba, ukakaa udongoni, ukashika tumbo, ukaanza kulia.

"Papa, tumbo. Tumbo yangu."

Nilikuja nikainama kama ninayekupapasa. Nikakunong'oneza, "Kaa hapo. Usisimame mpaka nikuambie."

Yule kijana mwenye jembe alisema mtoto asogezwe. Ukakataa kusogea, ukajikunja, ukavuta sketi miguuni. Mama Diane muuza nyanya ndiye aliyekutazama akadhani ameelewa. Akavua kitenge chake akakufunika, akawageukia wanaume:

"Bagabo mwe, hamuna macho? Mutoto amekuwa mukubwa leo! Musogee huko! Hamuna haya?"

Wanaume wazima na majembe yao wakarudi nyuma kama kuku waliomwagiwa maji. Wavulana wa darasani kwenu walikuwepo. Mkuu wa mudugudu alitazama angani, akakohoa, akasema, "Basi, rigori ikate kona. Ipitie kule." Na mtaro ukapinda. Kila fundi anayekuja hapa huniuliza ni mjinga gani aliyechimba mtaro wenye kona isiyo na sababu. Huwa nacheka tu.

Baada ya kazi kulikuwa na mkutano kama kawaida. Nilikwenda. Nilikaa mbele, nikachangia hoja, nikapongezwa kwa kutoa eneo langu. Nikarudi nikipitia dukani, nikakununulia Fanta sitroni. Nilipofika uani mama yako alikuwa ameshakuinua, amekupa maji ya kuoga, anakufundisha mambo ya wanawake, na wewe unaitikia, "Yego, Mama. Yego." Nikakupa Fanta. Nikakuambia, "Wewe ni shujaa." Ulikunywa nusu, nusu ukampa Manzi.

Baba haongei mambo haya na binti yake, najua, na huko ulipo unaona aibu kwa ajili yangu. Lakini mimi ndiye niliyeyasababisha, kwa hiyo nivumilie. Jumatano hii nilimwambia mama yako kila kitu. Hakupiga kelele. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akasema, "Miaka yote hii nalala na wewe, kumbe sijui nalala karibu na nini." Halafu akaanza kulia, na hakuwa analilia bunduki. Aliniambia kwamba miezi minane baada ya ile Jumamosi alikukuta bafuni unafua peke yako, maji yamekuwa mekundu. Ilikuwa mara yako ya kwanza ya kweli. Hukuweza kumwita mtu, kwa sababu mtaa mzima ulijua ulishakuwa mkubwa. Alikuuliza, "Na ile siku ya umuganda?" Ukamjibu, "Ile ilikuwa tumbo tu." Hakukuuliza zaidi. Anajilaumu, na anayestahili lawama ni mimi niliyekuwa nakunywesha Fanta.

Sikufunguka moyo kwa wema wangu, usinipe sifa. Wiki mbili zilizopita nilikuwa nyuma ya kompresa natafuta nati iliyoanguka. Mkaja wewe na Manzi, mkakaa juu ya yale mataili. Nilidhani mnaagana. Nikasikia sauti yako:

"Ukiona mtu ana jembe karibu na ukuta, unaanguka. Si tumbo, tumbo ni ya wasichana. Wewe shika kichwa, sema kizunguzungu."

"Na wakiniletea maji?"

"Kunywa. Lakini usisimame."

"Mpaka saa ngapi?"

"Mpaka Papa aseme."

Nilibaki nimepiga magoti na ile nati mkononi mpaka mlipoondoka. Nilikuwa nimepanga nitawarithisha siku nikifa. Kumbe urithi ulikuwa umeshatoka kwangu, umepita kwako, na sasa unamkabidhi mdogo wako mbele ya macho yangu, kwa upole, kama unavyomfundisha hesabu. Ndipo nilipokumbuka kwamba kila umuganda tangu siku ile hukutoka uani. Wewe ulikaa juu ya mataili na kitabu. Mimi nilikuwa nakutania kwamba umekuwa mvivu wa jembe.

Jumapili mlipokuwa misani nilisema naumwa mgongo, nikachimba, kisha nikafukia na kupanga mataili kama yalivyokuwa. Sasa sikiliza hili, na ukitaka kucheka cheka. Ile kona ya mtaro imekuwa ikirudisha maji ukutani miaka saba. Kila mvua iliyonyesha Gikondo ilisimama pale ikigonga bomba langu, mpaka kutu ikatoboa vifuniko. Nilipolikata na grenda yalitoka maji mekundu kama chai. Gobore la babu yako, kitako kimekuwa laini kama muhogo uliolowekwa. Mitutu miwili ya bunduki yako imekuwa donge moja la kutu. Bastola ya Manzi huwezi kujua ni bastola au ni bawaba ya mlango. Ulikuwa unalinda kutu, mwanangu. Kona uliyoipata kwa aibu yako ndiyo iliyoziozesha.

Kilichobaki kizima ni jina lako tu. Kwa sababu nililichoma kwa moto, halikufutika.

Utaniuliza, kama zimeoza, kwa nini niende polisi? Nami nilijiuliza hivyo hivyo, tena mapema leo. Dakika kumi tu na grenda, vipande nivichanganye na vyuma chakavu, gari la chakavu linapita kila wiki. Niliiwasha. Nilikuwa nimeshaubana mtutu kwenye jiriwa na cheche zimeanza kuruka, nikasikia geti linapigwa. Nikatupa turubai juu, nikafungua kidogo. Alikuwa mteja aliyekuja kuulizia bawaba zake, mzee wa kanisani, mtu mpole kabisa.

"Fundi, unakata nini? Cheche nimeziona kule barabarani."

"Bomba, mzee. Bomba la zamani."

"Nikusaidie kushika? Peke yako utaumia."

"Oya, hapana, mzee. Nimemaliza."

Alinitazama jasho linavyonitiririka, akasema Mungu anisaidie, akaenda zake. Nikazima grenda. Nilikuwa nimedanganya tena, na Manzi angerudi angeona unga wa chuma sakafuni, na siku moja angeuliza, na ningemwambia anyamaze. Kuzikata ni siri nyingine, na siri hiyo ningewaachia ninyi tena.

Mama yako alitaka nilifute jina lako kwa tupa kabla sijaenda. Tumebishana. Nimeliacha. Wakiniuliza huyu Keza ni nani, nitasema ni mtoto aliyekuwa na siku nane nilipoandika hapa, na ujinga ni wangu. Wakikupigia simu kukuuliza, waambie kweli yote uliyonayo. Hata ya tumbo. Hata ya kwamba ulijua. Usinifiche, usinipunguzie, usishike kichwa wala tumbo kwa ajili yangu. Nilipomweleza mama yako kwamba nitakwenda, alisema, "Basi nenda na sweta, kule usiku ni baridi. Na mtoto atangulie kwanza." Ndiyo maana umesoma haya ukiwa mbali. Ungeyajua hapa ungeivunja safari, ungekaa na mama yako, ungesubiri nje ya kituo na chakula kwenye bakuli. Nakujua. Ungefanya hivyo mwezi, ungefanya mwaka.

Manzi nitamwambia kesho basi lako likishaondoka, kabla sijaenda kituoni. Nitampa koleo tuufukie ule mtaro kwenye kona na kuunyoosha, mimi na yeye, pale pale lilipokuwa bomba. Udongo ni laini na hauna jiwe hata moja. Nilimdanganya mkuu wa mudugudu.

Sijui watanifanya nini kesho. Huenda wakanishukuru, wakanipa chai. Huenda wakanifunga. Kwa vyovyote, ukifika chuoni Mwanza ingia darasani siku ya kwanza, vaa hilo vazi lako la uuguzi, na mtu akikuuliza baba yako anafanya kazi gani, sema ni fundi wa kuchomelea. Akikuuliza alikuachia nini, utajibu utakavyoona. Mimi nilitaka nikuachie kitu cha kukulinda, nikakufanya wewe ulinde kitu. Unisamehe, Keza. Sikuandikii hivi kwa desturi ya barua, nakuomba kweli.

Nasikia sauti zenu getini, mama yako anamlalamikia mtu wa pikipiki. Nimalizie.

Ile Jumamosi nilikunong'oneza usisimame mpaka nikuambie, kisha nikaenda mkutanoni nikasahau. Mama yako ndiye aliyekuinua. Mimi sikuwahi kusema. Miaka saba umekaa pale juu ya mataili na kitabu, unasubiri neno langu, na nilipokuwa nyuma ya kompresa nilikusikia ukimwambia mdogo wako naye asubiri.

Papa amesema, mwanangu. Simama.

Baba yako